Mhitimu asiiachie mashine kusimulia kazi aliyoifanya

KILA mwaka vyuo vya kilimo na biashara nchini huingiza vijana wapya katika soko la ajira, na kila mmoja wao hulazimika kufanya jambo ambalo ni nadra kufundishwa darasani. Anatakiwa kujieleza kwenye karatasi chache mbele ya mtu asiyemjua, kwa barua ya maombi ya kazi na wasifu binafsi, kisha asubiri simu ambayo mara nyingi haipigwi.

Kwa wanafunzi wengi kazi hiyo sasa inafanywa na simu zao. Tangu Novemba 30, 2022, kampuni ya OpenAI ya Marekani ilipoiachia ChatGPT itumiwe na umma, zimefuata zana nyingine za akili unde kama Gemini ya Google na Copilot ya Microsoft. Mwanafunzi mwenye bando anaweza kunakili tangazo la kazi, akalibandika humo, akaomba aandikiwe barua na akaipata kabla chai yake haijapoa. Barua hiyo huwa imenyooka, haina makosa ya tahajia, na inamsifia mwombaji kuliko hata mama yake mzazi angethubutu.

Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa udanganyifu, na wangependa vyuo vilipige marufuku. Hoja yao ina nia njema lakini inasahau mengi.

Barua za kazi za wanafunzi hazijawahi kuwa zao peke yao. Aliyepita nje ya geti la chuo chochote miaka ya nyuma anazikumbuka steshenari, pale ambapo mchapaji alikuwa na barua moja kwenye kompyuta na kazi ya mteja ilikuwa kutaja jina, anwani na nafasi anayoomba. Aya ya kwanza ilikuwa ileile kwa wote: tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mara nyingine mchapaji alisahau kubadili jina la mwajiri, na ombi la kazi ya bwana shamba likafika kiwanda cha chai likiwa limeandikwa kwa meneja wa benki. Pamoja na hayo yote, steshenari ziliendelea na biashara zao.

Jambo la pili ni lugha. Mtoto wa Kitanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali hujifunza kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo mengi ni kwa Kiingereza. Akimaliza chuo, matangazo mengi ya kampuni binafsi na mashirika humtaka ajieleze kwa Kiingereza safi, hata kama kazi yenyewe ni kuzungumza na wakulima wa kahawa wa Mbozi ambao hawatamsemesha Kiingereza hata siku moja. Kijana anayejua vizuri jinsi batobato inavyoenea kwenye mihogo ameachwa nje mara nyingi kwa sababu ya sarufi, huku aliyesoma shule za kulipia akiitwa kwenye usaili. Zana inayomrekebishia sarufi huyo wa kwanza inampunguzia mzigo ambao hakustahili kuubeba. Kumnyang'anya kwa jina la uaminifu ni kumrudisha alikokuwa.

Kwa hiyo matumizi ya zana hizi si tatizo lenyewe. Tatizo ni kile ambacho mashine hukitupa nje ya barua pasipo mwenye barua kujua.

Chukulia mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya kilimo aliyepelekwa mafunzo kwa vitendo kwenye ghala la nafaka pale Kibaigwa, wilayani Kongwa, kwenye soko kubwa la mahindi la mkoa wa Dodoma. Kwa wiki nane amepokea magunia, amechambua punje zilizooza, amepima unyevu na kuandika daftari la ghala.

Siku moja kipima unyevu kikaishiwa betri, na mpokea mizigo wa ghala akamwonyesha njia ya chumvi. Unachukua chupa kavu yenye mfuniko, unatia mahindi kiasi na chumvi iliyokauka vizuri, unatikisa kwa dakika kadhaa kisha unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji na yanarudi juani. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi.

Mwanafunzi huyo amejifunza pia kwamba chumvi peke yake haitoshi. Kiwango cha ubora wa mahindi cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na chupa haiwezi kumwonyesha tofauti hiyo. Hapo katikati ndipo ukungu unapopata nafasi, na baadhi ya ukungu huo huzaa sumukuvu, ambayo kiwango hichohicho hakiruhusu izidi mikrogramu 10 kwa kilo. Mkoani Dodoma hilo si jambo la vitabuni. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Sasa anarudi chuoni, anaona tangazo la nafasi ya msimamizi wa ubora wa nafaka, na anaiambia mashine: nilifanya mafunzo kwenye ghala, niandikie barua ya kazi hii. Mashine inamwandikia kwamba ana uzoefu mpana katika usimamizi wa mazao baada ya mavuno, ni mchapakazi, ana ari ya kujifunza, anaweza kufanya kazi peke yake na pamoja na wenzake, na yuko tayari kutoa mchango chanya katika kufikia malengo ya kampuni.

Chupa haimo. Chumvi haimo. Wala hiyo asilimia 13.5 haimo. Yaliyobaki yanaweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kugusa gunia, na bila shaka yameandikwa, maana jirani yake wa bwenini aliyemaliza wiki zake nane akipiga soga ofisini ametuma barua yenye maneno hayohayo.

Mwajiri anayepokea barua 300 za namna hiyo kwa nafasi mbili hana njia ya kumtofautisha aliyefanya kazi na aliyekaa kivulini. Naye ni binadamu, ana shughuli nyingine, na mazao hayasubiri. Karatasi zinapofanana zote, kishawishi ni kurudi kwenye njia ya zamani ya kuuliza nani anamfahamu nani. Ile iliyopachikwa jina la undugunaizesheni haikuhitaji barua nzuri wakati wowote. Ilihitaji barua zote ziwe sawa, ili kumchagua mpwa wa bosi kusionekane kuwa kosa.

Anayeumia hapo ni kijana ambaye hana mjomba ofisini. Huyo silaha yake ilikuwa moja tu, nayo ni kuweza kusema kwa usahihi alichokifanya kwa mikono yake. Akiikabidhi mashine silaha hiyo, amejivua nguo mwenyewe.

Inafaa kueleza kwa nini mashine hufanya hivyo, kwa sababu wengi hudhani kuna akili fulani ndani yake inayomjua mwombaji. Zana hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ya msingi ni kukisia neno gani lina uwezekano mkubwa wa kufuata baada ya jingine. Barua ya kazi inayotoka humo basi ni wastani wa barua nyingi zilizowahi kuandikwa. Wastani hauna Kibaigwa ndani yake. Ukiipa mashine maelezo machache, inajaza nafasi iliyobaki kwa yale ambayo barua za namna hiyo kwa kawaida huwa nayo.

Na inapojaza, hutia chumvi, tena si ile ya kupimia mahindi. Mwanafunzi akiandika kwamba alishiriki kupima udongo, barua inaweza kurudi ikisema aliongoza programu ya rutuba ya udongo. Akitaja kikundi cha wakulima 30, kinaweza kuongezewa ongezeko la mavuno la asilimia fulani ambayo hakuna aliyeipima. Mwanafunzi asiyesoma kwa makini anasaini.

Wazee wenye taaluma zao wamenaswa na mtego huohuo. Mwaka 2023 jijini New York mawakili wawili na kampuni yao ya uwakili walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani hoja zilizotaja kesi ambazo hazikuwahi kuwapo. ChatGPT ndiyo iliyozitunga, wao wakazipeleka kama zilivyo. Ikiwa wakili mwenye uzoefu wa miaka mingi alishindwa kukagua, mwanafunzi anayekimbizana na siku ya mwisho ya kutuma maombi ana sababu ya kuogopa zaidi.

Hapa nchini somo la maandishi yasiyo ya kweli limekwisha kufundishwa kwa gharama kubwa. Aprili 28, 2017 mjini Dodoma, Rais John Magufuli alipokabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, majina 9,932 yalikutwa na vyeti vya kughushi. Kuongeza maneno kwenye barua si sawa na kughushi cheti, na ingekuwa si haki kuviweka kwenye mizani moja. Lakini kati ya watumishi hao walikuwamo waliokwishafanya kazi kwa miaka mingi, na karatasi ya zamani ikawafuata hadi mezani. Wasifu wa kijana hubaki kwenye faili la mwajiri. Siku atakapohitajika kuongoza hiyo programu ya udongo aliyodai kuiongoza, hataweza kuirudisha mashine shahidini.

Kwa upande wa ajira za serikali barua nzuri haimfikishi mtu mbali. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hupokea maombi kwa njia ya mtandao, ikitaka barua iliyosainiwa na viambatisho vya vyeti, lakini kinachoamua ni usaili: mchujo wa maandishi, vitendo kwa kada zinazohitaji, na mahojiano ya ana kwa ana. Katika chumba hicho atakayeulizwa mahindi yakaushwe hadi kiwango gani ni mtu, na simu yake imeachwa nje.

Kuna na suala la Kiswahili. Maandishi mengi yaliyozifunza zana hizi ni ya Kiingereza, na hilo huonekana pale mwanafunzi anapoomba barua kwa lugha ya taifa. Inamrudia ikiwa na salamu ya kutumaini kwamba barua itamkuta mkurugenzi akiwa na afya njema, mtindo ambao ofisi nyingi za hapa ziliwaachia wapendanao. Anwani mbili zinakosekana, kichwa cha habari hakipo mahali pake. Majina ya wadudu ndiyo huwa kichekesho zaidi. Aliyekaa kwenye mashamba ya nyanya ya Ilula, mkoani Iringa, anajua kwamba mdudu ambaye vitabu humwita Tuta absoluta wakulima wanamwita kantangaze, na meneja wa kampuni ya viuatilifu akiona jina hilo kwenye barua anajua mwandishi amepita shambani. Mashine haiwezi kutegemewa kulileta jina hilo yenyewe. Ni la kuletwa na mwombaji.

Wanafunzi wengi hawafikirii pia ni nini wanachokibandika. Wasifu wa Kitanzania umejaa mambo ya faragha: namba ya kitambulisho cha Taifa yenye tarakimu 20, ambazo nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe, pamoja na majina, vyeo na namba za simu za wadhamini watatu. Mhadhiri aliyekubali kuwa mdhamini hakukubali namba yake itumwe kwa kampuni ya ng'ambo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaonyesha kwamba nchi imeanza kuzichukulia taarifa za namna hiyo kwa uzito. Kuziondoa kabla ya kubandika, na kuzirudisha barua ikishakamilika, hakuchukui hata dakika mbili.

Waajiri nao hawawezi kukaa pembeni wakilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajui kuandika. Tangazo linalomtaka mwombaji wa kwanza wa maisha yake awe mbunifu, mwenye kujituma, anayeweza kufanya kazi katika mazingira magumu na mwenye uzoefu wa miaka mitano limeandikwa kwa maneno matupu, na maneno matupu ndiyo yatakayorudi. Kuna waajiri ambao nao hutumia programu kuzichambua barua hizo, kwa hiyo mashine inaandika na mashine inasoma, na binadamu wawili wanaohitajiana hawajakutana.

Hatari ya upande huo inajulikana. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba kampuni ya Amazon ilikuwa imeachana na programu ya kupanga wasifu wa waombaji baada ya kubaini kuwa inawashusha wanawake. Ilikuwa imefunzwa kwa wasifu uliopokewa katika kipindi cha miaka 10, mwingi wake ukiwa wa wanaume, ikajifunza upendeleo uliokuwamo.

Dawa kwa mwajiri ni nyepesi kuliko programu yoyote. Badala ya barua ndefu, tangazo linaweza kuomba majibu ya maswali mawili. Eleza siku moja ya mafunzo yako ambayo mambo yalikwenda kombo na ulichofanya. Taja kipimo kimoja ulichokichukua wewe mwenyewe, kwa kifaa gani, na kilisomeka ngapi. Mwombaji anaweza kuitumia mashine kunyoosha sentensi zake, lakini akitunga kipimo, dakika tano za usaili zitamfichua. Kurudi kwenye barua iliyoandikwa kwa mkono, kama baadhi ya watu wanavyopendekeza, hakutasaidia, kwani hata la mashine linanakilika kwa kalamu.

Mwanafunzi yule wa Kibaigwa angeweza kuitumia simu yake kwa njia tofauti kabisa. Angeanza kwa kuandika mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kila siku, ukurasa mmoja wa alichokiona na kukifanya: chupa, chumvi, betri iliyokwisha, magunia yaliyorudishwa juani na mfanyabiashara aliyekuja juu kwa sababu mzigo wake umekataliwa. Kisha angeiomba zana ichague yapi kati ya hayo yanaendana na tangazo, iyapange na kuyatafsiri, bila kuongeza hata neno moja ambalo hakulisema. Baada ya hapo angeigeuza iwe msaili: imuulize maswali kumi magumu kuhusu uhifadhi wa nafaka, yeye ajibu kwa sauti, na pale anapokwama arudi kwenye vitabu vyake. Kwa kazi hiyo ya mwisho zana hizi ni hodari, na haimgharimu kitu zaidi ya bando.

Ila ukurasa ule wa kwanza hauandikiki miezi 18 baadaye kwa kumbukumbu tu. Mafunzo kwa vitendo mara nyingi hufanyika likizo ndefu, kazi huombwa baada ya mahafali, na hapo katikati kuna mitihani, mradi wa utafiti na mengineyo. Kilichoandikwa kila jioni ghalani au shambani ni daftari la mafunzo, lile ambalo msimamizi hulisaini kila wiki na wanafunzi wengi hulijaza usiku mmoja kabla ya kulikabidhi.

Daftari hilo likishafika chuoni pamoja na ripoti, linasahihishwa, linapewa alama na kuwekwa kabatini, na mwanafunzi ambaye hakutoa nakala anabaki mikono mitupu. Vyuo vinaweza kuanza na hatua isiyohitaji bajeti wala kikao, ya kuwarudishia wenyewe madaftari hayo alama zikishaingizwa. Pale ambapo kanuni zinataka yabaki, wakuu wa idara wawatangazie wanafunzi walio mwaka wa mwisho waje wayatolee nakala kabla hawajafungasha virago. Steshenari bado ziko nje ya geti.